Kaza Kamba Kwanza, Bunduki Baadaye

Ninyi vijana mkinikamata baada ya ibada, swali lenu ni lilelile: Papa Deo, ulikuwa unatumia bunduki ya aina gani? Hilo liwe swali la mwisho. La kwanza liwe: ulikuwa umekaa juu ya nini? Maana miaka yote niliyowinda nguruwe mwitu katika mashamba ya nyuma ya Durban, sikuwinda nikiwa nimesimama chini. Niliwinda nikining'inia mtini. Na mtu anayening'inia akitaka kulenga kitu, kazi yake kubwa si kulenga. Ni kutulia.

Wengi mnadhani nilijenga kijukwaa cha mbao kwenye matawi. Hapana. Ni mkanda mpana wa turubai unaoupitisha chini ya makalio, kama unavyombeba mtoto mgongoni. Mbele ya kiuno inatoka kamba fupi, na hiyo inashikana na kamba nyingine iliyozungushwa kwenye shina la mti, usawa wa kichwa chako. Miguu inakanyaga kibao kidogo, hakizidi sahani ya wali. Halafu unaegemea nyuma, kamba inakubeba, magoti yanagusa shina. Kwa Kiingereza wanakiita tandiko, kama la farasi. Ila hapa aliyetandikwa ni wewe.

Kwa nini tupande? Kwa sababu mashamba ya huku yamebanana na watu. Upande huu makadamia, upande ule miwa, katikati nyumba za wafanyakazi, na nyuma ya uzio kuna mtu anaota jua na gazeti lake. Risasi ukiipiga umesimama chini inaweza kusafiri mpaka ikamkuta asiyehusika. Ukiipiga kutoka juu inaingia ardhini, basi. Pia nguruwe ana pua kuliko sisi sote, lakini kutazama juu si tabia yake.

Sikuanza na bunduki. Nilianza na msumeno. Nilipofika Durban kutoka Bukavu nililinda magari ya watu, nikabeba mizigo karibu na bandari, mwisho nikapata kazi kwa watu wanaokata miti mikubwa ya mijini. Siku moja tulitumwa Overport kuangusha mti uliokuwa umeinamia paa la mzee mmoja Mhindi. Mimi nikawa juu na kamba zangu, nakata tawi moja moja. Yule mzee akaleta kiti cha plastiki, akakaa kunitazama kama anatazama mpira. Niliposhuka akaniambia:

"Wewe uko juu umetulia kuliko mimi nilivyotulia huku chini. Umewahi kushika bunduki?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi natoka Kivu. Bunduki nimezikimbia."

Hakucheka. Akasema, "Basi hutaichezea."

Huyo ndiye Uncle Rajen. Mtaa mzima ulimwita Uncle, hata watu wenye mvi. Alikuwa na kazi ya kupunguza wanyama waharibifu mashambani, na alikuwa ameanza kutumia hilo tandiko la mtini. Bunduki aliijua vizuri sana, lakini kamba zilimsumbua. Mimi kamba nilizijua. Tukakubaliana: mimi nimfundishe kukaa, yeye anifundishe kupiga.

Nyumbani nilikuta vita. Mke wangu, Mama Neema, anasuka nywele mjini, na mikono yake haisimami hata akiwa na hasira. Alikuwa akimsuka binti yetu niliposema habari hiyo.

"Tulitembea na watoto mgongoni kukimbia bunduki," akasema. "Sasa weye unataka kuilalisha ndani ya nyumba yangu?"

"Haitalala humu. Iko na sanduku la chuma kwa Uncle."

"Na siku ikimpata mtu?"

Nilimwambia kwamba bunduki nilizoziona kwetu hazikulenga, zilimwaga. Hii ya Uncle ina risasi moja kwa wakati wake, na kabla ya hiyo moja kuna mambo mengi ya kufanya. Mama Neema akavuta msuko mpaka mtoto akalia. Kisha akasema, "Basi uyafanye yote." Kwa kuwa karatasi zangu za ukaazi wa kudumu zilikuwa zimeshatoka, nikasoma, nikafanya mtihani, nikapata kibali. Kilichukua muda hadi nikadhani wamenisahau.

Siku ya kwanza kupiga kutoka mtini nilifanya kile ambacho kila mmoja wenu angefanya. Nililaza mtutu moja kwa moja kwenye shina, nikajiona fundi. Nikapiga. Ile karatasi tuliyoitundika kama shabaha haikuguswa popote. Uncle aliangalia na darubini, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na ugomvi na kichuguu kilichokuwa pembeni.

"Mti ni mgumu na chuma ni kigumu," akasema. "Vigumu viwili vikigusana, bunduki inaruka kabla risasi haijatoka. Weka nyama katikati."

Nyama ni mkono wako. Hilo shikeni. Mkono wa kushoto unaubandika kwenye shina, kidole gumba kimetoka nje kama tawi, na ile mbao ya mbele ya bunduki inalala juu ya gumba. Mtutu usiguse kitu chochote. Kama shina liko mbali kidogo, shika ile kamba iliyokufunga kwenye mti, uikaze, ulaze bunduki juu ya kiganja kilichoishika. Kamba ikilegea hata kidogo, inakudanganya: unaona umetulia, halafu ukigusa triga kila kitu kinasogea. Ndiyo maana Uncle kila tulipofika juu alinong'ona, "Kaza kamba kwanza, bunduki baadaye."

Magoti nayo yana kazi. Yasiguse tu, yasukume. Kamba inakuvuta mbele, magoti yanakurudisha nyuma, na kati ya hizo nguvu mbili mwili unanyamaza. Hapo ndipo utagundua kitu cha ajabu: mwili ukinyamaza, moyo unaonekana. Ule msalaba wa ndani ya darubini ya bunduki unaruka kidogo, unatulia, unaruka, unatulia. Hiyo ni damu yako, ule mkanda unaibana mapajani. Usiogope. Toa pumzi nusu, usivute nyingine, na katikati ya mpigo na mpigo ubane triga polepole kama unayekamua dawa ya meno inayokaribia kwisha.

Na mti unayumba. Mikaratusi ndiyo mibaya kuliko yote, mirefu na haina adabu. Usipigane nao. Upepo huja, hupita, halafu mti hurudi mahali pake na kukaa kimya kidogo kabla ya upepo mwingine. Ngoja hapo. Nguruwe akiondoka kabla hujapata kimya chako, mwache aondoke. Kesho ana njaa pia.

Nilifanya mazoezi nyumbani, huku Queensburgh. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na mparachichi. Nilikuwa najifunga pale jioni na mpini wa ufagio, nalenga kifuniko cha pipa la taka la jirani. Jirani aliona mtu mweusi mzima ananing'inia mtini amemlengea kitu, akapiga simu. Walinzi wakaja na gari, mmoja akanyanyua kichwa, akanitazama mimi, akautazama ufagio.

"Eish, baba. Unafanya nini huko?"

"Najifunza kutulia."

"Sharp," akasema, yaani sawa. "Lakini unaweza kutulia upande ule, usimwangalie huyu mama?"

Nikahamia upande wa pili wa shina. Na nawaambia ukweli, yule mlinzi alinisaidia. Mtu anayetumia mkono wa kulia anapenda nguruwe atokee upande wake wa kushoto, maana mwili unageuka huko bila shida. Akitokea kulia, unajikunja kama nguo inayokamuliwa, na hakuna mkunjo unaotulia. Dawa yake ni kuzunguka shina lote: unanyanyua mguu mmoja, unasukuma, kamba inateleza, unatokea ng'ambo. Bila jirani yangu nisingefanya mazoezi ya upande huo mpaka leo.

Sasa niwaeleze siku ambayo mambo hayo yote yalidaiwa kwa mara moja.

Kulikuwa na shamba la makadamia ng'ambo ya Pinetown, na humo alikuwa ameingia dume mmoja mzee wa nguruwe mwitu. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa na waya wa mtego uliozama kwenye nyama. Maumivu yalimfanya asiogope tena mtu. Alikuwa amemchana mbwa wa shamba, na wiki ileile akamfukuza mama mmoja aliyekuwa akiokota makadamia. Huyo mama aliokoka kwa kupanda juu ya trela. Wafanyakazi wakakataa kuingia upande ule. Tukaitwa.

Ulikuwa msimu wa baridi, wakati ambao nguruwe hutoka mapema, jua likiwa bado lipo. Uncle akapanda mti wake, mimi wangu, katikati yetu kipande cha nyasi. Bunduki hatukupanda nazo mkononi. Tulizivuta kwa kamba baada ya kujifunga, zikiwa tupu. Kupanda hivyo, kushuka hivyo. Na kuna kanuni nyingine: mmoja akishuka, mwingine anabaki juu, bunduki yake tayari, mpaka aliye chini ajaze risasi tena.

Dume akatoka kwenye nyasi upande wa Uncle, anachechemea. Uncle akapiga. Nguruwe akaanguka palepale, miguu ikachezacheza, kimya. Tukangoja. Hakusogea. Uncle akanionyesha kidole gumba, akashusha bunduki yake tupu, akashuka, akaanza kujifungua.

Baadaye tuliona kilichotokea: risasi ilikuwa imepita juu ya uti wa mgongo, ikaugonga bila kuuvunja. Mnyama huanguka kama amekufa, kumbe amezimia tu. Uncle alikuwa ameinama kuchukua bunduki yule dume alipoamka. Hakukimbia. Alimwendea.

Nilipiga kelele. Uncle akageuka, mguu ukashikwa na kamba yake mwenyewe, akaanguka chali. Nguruwe akawa juu yake. Na walikuwa upande wangu wa kulia.

Nilijikunja nikaweka jicho kwenye darubini. Nikaona shati la Uncle. Nikaona nyasi. Nikaona manyoya. Nikaona shati tena. Msalaba ulikuwa unatembea kama mlevi, na mimi nilikuwa nikihema kama niliyekimbia kutoka mjini.

"Piga!" Uncle akapiga kelele. "Deo, piga!"

Nikaondoa jicho kwenye darubini. Nikanyanyua mguu, nikasukuma, nikaanza kulizunguka shina. Nyuma yangu nilisikia sauti ya Uncle ambayo si ya maneno. Nilijua ameshachanwa. Mikono yangu ilitaka kugeuka na kupiga tu, popote. Nikafika ng'ambo. Nikashika kamba, nikaivuta mpaka ikakaza. Nikasukuma magoti. Nikaweka gumba kwenye shina, mbao juu ya gumba.

"Piga! Unangoja nini?"

Shati. Manyoya. Shati. Mnyama alikuwa kwenye paja lake, anachimba, na kati ya kichwa cha nguruwe na tumbo la mtu hapakuwa na nafasi ya kuingiza ubao. Nikatoa pumzi. Nikaendelea kungoja. Vijana, hapo ndipo kazi yote ilipo, na sitawadanganya kwamba nilikuwa na amani. Nilikuwa nalia huku nimetulia. Sikujua kama vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Uncle akakunja mguu mzima uliobaki, akampiga teke la pua. Dume akarudi nyuma hatua chache ili aje tena kwa nguvu, akainamisha kichwa, bega likabaki wazi. Nikabana triga. Akapiga magoti, akalala, safari hii kabisa.

Nilishuka sijui namna gani. Paja lilikuwa limefunguka mpaka ndani. Nikalifunga kwa kamba ya kuvutia bunduki, juu ya jeraha, nikakaza kwa kijiti, na msimamizi wa shamba akaja na gari lake. Njiani hakusimama kwenye robot hata moja, zile taa za barabarani. Uncle alinishika kola, macho yamefunguka sana.

Hospitalini walimwokoa mguu, ila goti halikukunjika tena vizuri. Nilipokwenda kumwona, mke wake, Aunty Prema, alinipa kiti na chai ya maziwa. Uncle alikuwa ameelekea dirishani.

"Nilikuita," akasema. "Nilikuita mara mbili."

"Nilisikia, Uncle."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Nikamwambia. Kamba, shina, upande wa kulia, shati. Nikasema yote kama alivyonifundisha mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hicho ni kitabu, Deo. Mimi nilikuwa chini yake." Aunty Prema akanisindikiza mpaka kwenye lifti, akanishika mkono.

Miezi ikapita bila simu. Niliendelea na kazi bila yeye, na mtu mwingine niliyemfundisha. Kila nilipokaza kamba nilisikia ile sauti isiyo ya maneno. Nilimwambia Mama Neema kwamba huenda Uncle ana haki, huenda mwingine angepiga mapema na mguu ungepona. Mama Neema, ambaye hakuipenda bunduki siku hata moja, akaacha kusuka kabisa, mikono ikakaa mapajani.

"Na kama ungempiga yeye?" akasema. "Nani angekuja kuniambia wamekupeleka wapi?"

Halafu asubuhi moja simu ikalia. Uncle hakunisalimia. "Njoo na kamba zako," akasema. "Zote. Na lile kapi lako la kunyanyulia magogo."

Tukaenda shambani na gari lao, Aunty Prema akiendesha na kulalamika njia nzima: mwanamume wa umri huu, goti hili, ana wazimu, na wewe Deo unamsikiliza. Bunduki hazikuwemo. Uncle alikuwa amefungua darubini kwenye bunduki yake na kuifunga kwa utepe mweusi juu ya gongo lake la hospitali. Akanionyesha kama mtu anayeonyesha gari jipya.

"Mti wako," akasema. "Si wangu. Wako."

Tukamvisha tandiko. Wafanyakazi wawili wakavuta kamba kwenye kapi, nami nikapanda pembeni yake, nikamfunga pale nilipokuwa siku ile, nikamkazia kila kitu. Goti lake halikuweza kusukuma shina, likabaki limenyooka kama fimbo. Kisha akaniambia nishuke.

"Nenda ukalale pale."

Nikaenda. Nyasi zilikuwa zimeota upya. Nikalala chali mahali alipokuwa amelala yeye. Mfanyakazi mmoja akajaza gunia maganda ya makadamia liwe nguruwe, akalifunga kamba, akawa analivuta huku na huku juu ya miguu yangu, anacheka, halafu akaacha kucheka alipoona mimi sicheki. Kutoka chini pale niliuona ule mti wote. Niliona jinsi mtu aliye juu anavyoonekana mdogo na jinsi anavyokuwa mbali. Nikaelewa kwa nini aliniita vile.

"Piga kelele," Uncle akasema kutoka juu.

"Niseme nini?"

"Nilichosema mimi."

Nikapiga kelele. "Piga! Uncle, piga!" Sauti yangu mwenyewe ilinitia hofu. Kule kwenye gari Aunty Prema akafunga kioo.

Gongo likatoka kando ya shina. Likatikisika. Likarudi ndani. Nikaona Uncle anahangaika kujizungusha kwa mguu mmoja, kamba inateleza, anatokea ng'ambo. Gongo likatoka tena. Nikaita tena. Gunia likapita juu ya mapaja yangu, likarudi, likapita. Upepo ukaja na ukaondoka. Alikaa kule muda mrefu sana, mpaka yule wa gunia akachoka akabadilisha mkono.

Hatimaye akaomba ashushwe. Kapi likalia polepole. Alipofika chini shati lake lilikuwa limelowa jasho kama la mtu aliyebeba saruji. Nikamfungua mkanda. Akaniegemea mpaka tukafika kwenye gari, akakaa kwenye kiti, akabaki ameshika mlango bila kuufunga.

"Nimekuona wewe," akasema. "Tumbo lako, uso wako, tumbo lako. Gunia nimeliona kidogo tu, likaondoka."

Nikalichukua gongo, nikaliweka nyuma ya kiti.

"Deo," akasema, "mimi ningengoja zaidi."